Msumari wa Kwanza

Kaka yangu Marselino hakuweza kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe. Ukimtengea kikombe, alikunywa mafunda mawili kikiwa bado kinaunguza, kisha ungemwona yuko mlangoni, mkono kiunoni, anaitazama barabara ya Kahama kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Hapakuwa na mgeni. Nilikuwa namwambia, "Kaka, barabara haitakimbia, keti umalize chai yako." Alicheka, akaketi, na kabla sijageuza ugali alikuwa amesimama tena.

Hakuzaliwa hivyo. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa Ushirombo waliomjua ukubwani walidhani ni ugonjwa wa damu, na damu yenyewe ni yangu pia. Marselino wa ujana wake alikuwa mtu wa kukaa. Alilima pamba kule kwetu kwa zamani, akamwoa Apolonia, wakampata Justa, na mwaka mmoja pamba ilipokubali akaezeka nyumba yake kwa mabati. Upande ule wote ilikuwa nyumba ya kwanza ya bati. Mvua ikinyesha hatukusikiana mle ndani, tukabaki kutazamana na kucheka.

Siku aliyoezeka naikumbuka. Katika ukoo wetu mwenye nyumba ndiye anayepanda kwanza. Kama ni nyasi, anafunga fungu la kwanza. Kama ni bati, anapigilia msumari wa kwanza. Baada ya hapo majirani wanaweza kumaliza kazi yote, yeye akakaa chini kunywa togwa, wala hakuna atakayemsema. Lakini bila yeye hakuna anayefunga nyasi wala kupigilia bati. Na mwanamke hapandi paa la mumewe. Anayepanda ni mjane, kwa sababu mjane ndiye mwenye nyumba. Mwenye mume akipanda, amewatangazia watu kwamba mume amekufa. Marselino alipanda siku ile akiwa amevaa shati la kanisani, akapigilia msumari wake kwa mapigo mengi kuliko yaliyohitajika.

Mwaka 1974 tukahamishiwa vijijini, kaya zote zipangwe kando ya barabara. Wengine walihama wakiimba, wengine wakinuna, mimi nilikuwa wa kununa. Marselino hakufanya lolote kati ya hayo. Alipanda mwenyewe akang'oa mabati yake, msumari mmoja mmoja, tela la trekta likimsubiri. Hayakuwa yameota kutu bado. Tulipofika mahali papya akajenga kijumba cha miti na udongo, akakiezeka nyasi, akasema hiki ni cha muda. Mabati akayasimamisha nyuma ya ghala, kuku wakaanza kutagia chini yake.

"Sipigilii tena kitu juu ya nyumba," akaniambia. "Ukishapigilia ndipo wanapokuja kukwambia hama."

Kuanzia hapo miguu yake haikutulia. Alikwenda Isaka kupakia marobota ya pamba kwenye mabehewa, akarudi. Akaenda Geita kuchimba dhahabu, akarudi, akaenda tena. Miezi minne yuko kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, mwezi mmoja yuko nyumbani anatazama barabara. Kila aliporudi alileta kitu kimoja kinachobebeka: redio, baiskeli, blanketi zuri. Kitu kisichobebeka hakuleta hata siku moja. Apolonia alilima, akazaa wengine wawili, akamwoza Justa kwa watu wa Nyahanga, na kijumba cha muda kikafikisha miaka kumi na miwili.

Basi mwaka 1986, pamba ikiwa imeshavunwa, kaka akashuka kwenye lori na mzigo uliofungwa kwa blanketi. Aliukumbatia kutoka barabarani mpaka nyumbani, hataki kusaidiwa. Nilidhani ni picha ya mtakatifu. Alipoufungua tukaona kioo kikubwa cheusi chenye miraba ya buluu na fremu ya chuma. Katika gunia jingine kulikuwa na betri ya lori, waya, na balbu mbili ndogo za gari. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa anafunga biashara yake machimboni, na badala ya kumlipa kaka akampa vitu hivyo.

"Hiki mchana kinakula jua," kaka akasema. "Jioni kinakupa taa."

Tulikuwa tumeona kitu cha namna hiyo kwa mbali, juu ya paa la misheni, lakini hakuna aliyefikiri kinaweza kukaa kwa mtu wa kawaida. Jina lake hatukulijua. Tukakiita kioo cha jua, na mimi naita hivyo mpaka leo, ingawa wajukuu wananisahihisha.

Jioni ya pili yake kaka akaunganisha waya kama alivyoona wakifanya machimboni, balbu ikawaka. Mwelewe, miaka ile mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta. Ungeenda duka la ushirika wiki nzima na ukarudi na chupa tupu. Tulikwisha kuzoea kula kwa mwanga wa kuni, au kwa kupapasa. Sasa tukaonana. Apolonia akaacha kula. Akawatazama watoto wake wadogo mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Justa, kumbe umeota mvi."

Kaka akajipapasa kichwa. "Nimeziota siku nyingi."

"Mimi nimeziona leo," akasema wifi yangu, akarudi kwenye chakula chake.

Apolonia si mtu wa maneno. Ukiishi naye unajifunza kupima anavyonyamaza. Asubuhi iliyofuata alikuwa amenyamaza vizuri, akafagia uwanja, akatandika mkeka, akasema, "Nadhani kioo kipande juu ya nyumba."

"Nyasi hazishiki msumari," akasema kaka.

"Mabati yapo."

Kaka akachukua baiskeli akaenda kuzunguka. Alirudi jioni, na siku iliyofuata akaja na mpango wake mwenyewe. Alikianika kile kioo. Sisi huku tunaanika mihogo, tunaanika mtama, tunaanika karanga. Kaka yangu akaanika taa. Asubuhi alikitoa ndani akakiegemeza kwenye kigoda uwanjani, kikitazama jua linapochomoza. Jua likipanda, akakilaza kidogo. Likigeuka, akakigeuza. Jioni akakianua, akakifunika blanketi, akakiingiza chini ya kitanda. Wingu likitokea, hata dogo la kupita, ungesikia, "Anueni!" na watoto wanakimbia na mihogo huku na kioo kule, kana kwamba nacho kingevunda kikilowa.

Alifurahi kweli. Alikuwa amepata njia ya kuwa na taa bila kupigilia kitu. Kwa siku chache alikuwa na kazi inayomtaka asimame kila mara, na kusimama ndiko alikokuwa anakujua. Lakini kaka hakukaa na kazi yoyote zaidi ya siku chache. Akaanza kuondoka asubuhi, mara kwa fundi baiskeli, mara kwenda kusikiliza habari za machimboni, na kioo akamwachia mke wake. Apolonia akawa hawezi kwenda shambani wala kisimani. Mbuzi walikuwa wanakizunguka, watoto wa majirani wanakuja kujitazama ndani yake, na kila jua likisogea naye alipaswa kusogea. Jumapili ya kwanza akakosa misa, na ya pili pia. Nilipomkuta amekaa kivulini anakilinda, na magugu yameingia kwenye mihogo, nilipandwa na hasira.

Nikamvizia kaka jioni. "Umemfanya mke wako mchungaji wa kioo."

"Ni kwa muda tu," akasema.

"Hilo neno ndilo nimelichoka mimi, sijui yeye."

Yeye alikuwa amelichoka kuliko mimi. Nilikuwepo alipomwambia, tukipukuchua mahindi watatu, taa ikiwaka juu yetu kwenye mti wa ukuta. Hakupaza sauti.

"Baba Justa, nimekaa kwenye nyumba ya muda miaka kumi na miwili. Justa amekulia humu, na wakwe walipokuja walikaa humu, nikaona haya. Sijakulaumu, najua ulichong'oa kule. Ila kioo hiki sikianiki tena. Kipandishe, nijue unakaa. Au kichukue uende nacho, nijue umekwenda. Ninachokataa ni kuendelea kukitoa na kukiingiza."

Kaka alipukuchua gunzi lile mpaka likabaki jeupe, akaliokota tena kana kwamba kuna punje zimebaki.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakulala mchana, hakula akatulia. Alikwenda nyuma ya ghala, akavuta bati moja, akaligonga kwa kidole, akalirudisha. Alipima ukuta kwa kamba, halafu akaikata ile kamba akafungia mzigo kwenye baiskeli. Asubuhi moja akaja kwangu, akaketi, akasimama, akaketi, akanionyesha kopo la maziwa la zamani. Lilikuwa na misumari yake ya bati, ile ya nyumba ya kwanza. Yote ilikuwa imenyooshwa, imepakwa mafuta.

"Mtu asiyepigilia kitu anatunza misumari ya nini?" nikamuuliza.

"Misumari siku hizi haipatikani."

"Ndiyo maana nauliza."

Akacheka kidogo, akafunga kopo. Jioni ile alimwambia Apolonia kwamba Jumamosi wataezeka. Wifi hakuruka wala kupiga kigelegele. Alikwenda kutwanga uwele wa togwa, na alivyokuwa akitwanga nilijua ana furaha, maana mchi ulisikika mpaka kwangu.

Ijumaa majirani walikuja wakazivua zile nyasi, wakasimamisha mapao mapya chini ya Gregory, fundi wetu wa useremala. Waliacha nyumba ikiwa wazi. Apolonia na watoto walilala mle wakitazama mbingu, na mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Jumamosi asubuhi mabati yalikuwa yamepangwa chini, misumari kwenye kopo, ngazi imeegemezwa. Kaka alikuwa amevaa shati la kanisani. Nilipoliona lile shati moyo wangu ulitulia.

Ndipo akaja Donatus. Huyu alikuwa mchimbaji mwenzake, mtu mzuri tu, mcheshi, aliyekuwa akibeba habari kwa baiskeli kama wengine wanavyobeba samaki. Akanisalimia mimi, akamsalimia Apolonia, "Shemeji, habari za kazi," kisha akamvuta kaka pembeni, lakini sauti yake haikujua pembeni.

"Kuna rashi, Marselino. Dhahabu imeonekana mpya kabisa, juujuu, hata hujazama kimo cha watu wawili. Watu wote wanakimbilia huko. Lori linaondoka leo, saa sita liko barabarani."

"Leo naezeka," akasema kaka.

"Ezeka. Ila wiki ijayo hutakuta hata mahali pa kusimama." Akatazama kioo kilichokuwa kwenye mkeka. "Na hicho ndicho kingekutajirisha. Kule gizani mtu mwenye taa ndiye mwenye duka."

Kaka alikuwa na nyundo mkononi. Alikwenda mpaka kwenye ngazi, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akautoa. Akazunguka nyumba. Gregory na wenzake walikuwa wameketi juu ya kuta wanamsubiri, miguu inaning'inia. Akazunguka tena. Aliporudi mara ya tatu alikuwa ameiweka ile nyundo mahali, sikuona wapi, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Apolonia aliona kabla yetu sisi. Alikuwa amekwishaketi kwenye mkeka, akakipakata kile kioo kama mtoto, mikono yote miwili juu yake.

"Mama Justa," kaka akasema taratibu, "nipe hicho. Wiki tatu tu. Nitarudi nacho tukipandishe, na dari tuweke."

"Kwenda, nenda. Kioo kinabaki."

"Ni changu."

"Basi nipokonye."

Watu walikuwa zaidi ya ishirini, na kati yao shangazi yetu Serafina, mama wa ukoo. Kaka hakuwa mtu wa kumpokonya mke wake kitu, peke yao wala mbele ya watu. Nilitaka kumshika shati nimvute, na nilitaka kumpiga. Sikufanya lolote. Akasema, "Nisubirini. Namsindikiza Donatus barabarani, narudi." Akapanda baiskeli. Hakuna aliyemwamini, na nadhani hata yeye mwenyewe alijua.

Tulisubiri. Jua likafika utosini, tukasikia honi ya lori mara mbili, kisha injini, kisha hatukusikia kitu. Mawingu ya ziwani yalikuwa yamesogea. Gregory akashuka ukutani akaja kwa Apolonia.

"Shemeji, mikono yetu iko tayari, lakini unajua mila. Siwezi kuanza."

"Najua."

"Tukirudishia nyasi za jana?"

"Nyasi nimezitia kwenye zizi la mbuzi," akasema wifi.

Akanipa mimi kioo. Akajifunga khanga kiunoni, akaitafuta ile nyundo, akaiona kwenye kinu, ndani kabisa, mahali alipoitumbukiza kaka kama mtu anayeficha kosa. Akaenda kwenye ngazi. Shangazi Serafina akainuka kwa shida.

"Mayu, mama yangu, shuka. Huyo mume wako yu hai."

Apolonia alikuwa kidato cha tatu. Akageuza uso tu. "Shangazi, yu hai wapi?"

Akapanda mpaka juu, akakaa kwenye pao kama wanaume wanavyokaa. Gregory akavua kofia. Wengine nao wakavua, mmoja baada ya mwingine, na uwanja wote ukawa kimya kama uwanja wa matanga. Waliinua bati la kwanza wakamfikishia, kwa maana kuinua hakukatazwi. Kisha akanitazama mimi.

"Wifi, nipe misumari."

Mimi ni dada yake Marselino, tumbo moja. Nikimpa, namzika ndugu yangu kwa mkono wangu. Niliitazama barabara, mara ya kwanza maishani nikaitazama kama alivyokuwa akiitazama yeye, nikaona vumbi tu. Nikakiweka kioo chini, nikapanda vidato viwili, nikampa kopo. Nililia, sioni haya kusema. Apolonia hakulia. Msumari wa kwanza aliupitisha kwenye tundu la zamani, lile lile lililotobolewa na mumewe alipokuwa kijana, akagonga mara tatu ukaingia.

Aliposhuka wanawake walimshika mkono. "Pole, mama," wakasema, kila mmoja. "Pole sana."

"Nimeshapoa," akamjibu kila mmoja wao. Na wanaume wakapanda, wakapigilia kwa haraka kwa sababu ya mvua, na togwa ikanywewa kama inavyonywewa matangani, bila kelele.

Kioo kilipanda mwisho, kwenye fremu ya mbao. Kukatokea ubishi kitazame wapi. Shangazi Serafina akasema jua hupokelewa linakotokea, na sote tulikuwa tumewaona wazee wetu alfajiri wakiligeukia na kulitemea mate ya baraka. Hakuna aliyemwona mzee akilisalimia jua la mchana. Basi Gregory akakisimamisha karibu wima kama mlango, kimetazama mashariki, akakipigilia. Tukaona tumefanya kwa heshima.

Taa ikawaka. Ila ilikuwa inawaka kwa muda mfupi, kisha inakuwa nyekundu, kisha inazima kabla vyombo havijaoshwa. Tulidhani ndivyo uwezo wake ulivyo. Apolonia hakulalamika. Alisema nusu ya chakula akiwaona watoto wake inatosha kuliko chakula kizima gizani.

Marselino hakuleta salamu. Mvua zikanyesha zikaisha, Krismasi ikapita, Kwaresima ikaja. Apolonia alikwenda misa kila Jumapili, na watu walimpisha njia kama mjane. Mtu akimwuliza habari za mumewe alisema, "Mwulize wifi yangu." Na mimi sikuwa na habari. Nililala vibaya miezi ile. Kila lori likipunguza mwendo barabarani nilisimama mlangoni, mpaka mume wangu akaniuliza kama na mimi nimeambukizwa.

Alikuja baada ya Pasaka. Alikuja kwangu kwanza, mchana, kwa miguu, bila baiskeli na bila kitu mkononi. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi mikono mitupu. Alikuwa amekonda. Dhahabu ile ya juujuu ilikuwa imekwisha kabla hajafika, akahamia shimo jingine, na jingine. Nilimtengea chai.

"Barabarani wamenipa pole," akasema. "Mmoja amenikimbia. Ni kweli alipanda?"

"Alipanda."

"Nani alimpa misumari?"

"Mimi."

Nilingoja anigombeze. Aliketi na kikombe mikononi, akitazama chini. Nikapika, nikaepua, nikawalisha watoto wangu. Niliporudi alikuwa bado ameketi, na chai imepoa mkononi mwake.

Jioni akaenda kwake, mimi nikimfuata kwa mbali. Akasimama uwanjani akapiga hodi. Sikuwahi kumsikia akipiga hodi pale.

"Nani?"

"Marselino."

"Karibu," akasema Apolonia. Akamtolea kiti cha wageni, akampa maji ya kunawa, akamwandalia chakula kwenye sinia kama anavyoandaliwa mgeni wa heshima. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia. Walizungumza habari za Justa, habari za pamba. Taa ikawa nyekundu, ikazima. Apolonia akasema, "Wifi atakuonyesha pa kulala." Kaka akashukuru, akaja kulala kwangu.

Siku zile kaka hakutazama barabara. Alisimama kwenye kizingiti changu kama zamani, mkono kiunoni, lakini amegeuka upande wa nyumba ya bati. Asubuhi aliitazama, adhuhuri aliitazama, jioni alingoja taa mpaka izime, kisha akazunguka uwanja wangu mpaka mbwa akachoka kumfuata. Nilidhani ni majuto tu. Kumbe kulikuwa na jambo jingine.

"Wamekielekeza vibaya," akaniambia. "Kinakula jua la asubuhi peke yake. Mchana wote jua linakipiga mgongoni."

"Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambiaje? Mimi ni mgeni pale."

"Wageni huwa hawasemi?"

Akavaa lile shati la kanisani, alilorudi nalo mwilini; Apolonia alikuwa amemtuma mtoto alichukue, akalifua, akalileta kwangu bila neno. Tukaenda. Ilikuwa adhuhuri, na wifi alikuwa anaanika mihogo uwanjani. Kaka akasimama chini ya paa lake mwenyewe, hakuligusa.

"Mama Justa, kile kioo kimesimama mno. Kinatakiwa kilazwe, kitazame juu. Nilipokuwa nakigeuza hapa chini sikuona tofauti, kwa sababu nilikuwa nalifuata jua nacho. Sasa kimekaa mahali pamoja, kinataka kulazwa."

"Kwa hiyo kitawaka zaidi?"

"Mpaka mlale."

Apolonia akaendelea kutandaza mihogo, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Kaka akavua kofia.

"Naomba ruhusa ya mwenye nyumba, nipande."

Wifi yangu akainuka. Alimtazama muda mrefu, mchana kweupe, bila kuhitaji taa yoyote.

"Ngazi iko nyuma ya ghala," akasema.

Aliileta. Alipanda polepole, akapita kando ya yale matundu ya zamani, akang'oa fremu, akakilaza kioo kikatazama mbingu. Kisha akanyoosha mkono chini bila kugeuka, kama mafundi wanavyofanya. Apolonia aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa. Ilikuwa imebaki misumari miwili. Akapanda ngazi hadi katikati akampa mmoja, na wa pili akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

"Na huo?" kaka akauliza.

"Huu nautunza," akasema. "Yako hukuitunza miaka kumi na miwili?"

Kaka aliugeuza msumari wake mkononi, akautafutia tundu, akapigilia.